Euforbia ya mabaka katika bustani ya Goma: mwongozo kamili wa kuipanda na kuitunza rangi yake

Bustani nyingi za Goma huanza kwa kununua udongo. Mwenye parseli, yaani kiwanja cha nyumba, anaita gari, udongo unamwagwa juu ya lava na kusawazishwa kwa jembe, halafu mvua za Septemba zinaushusha ndani ya nyufa. Mwaka unaofuata anaita gari tena. Kwa mboga na maharagwe gharama hiyo haikwepeki. Lakini anayetaka majani ya rangi yatakayokaa miaka mingi mahali pamoja ana mmea mmoja unaoyapenda mawe yetu meusi kuliko udongo wa kununua: euforbia ya mabaka, yenye majani ya kijani yaliyozungukwa na weupe na kuguswa na waridi, na shina linalopinda kulia na kushoto kila linapotoa jani.

Nimeandika nikifikiria parseli ya Goma, yenye mawe mengi na maji ya kuhesabu. Wasomaji wa Bukavu na Lubumbashi wanaweza kufuata hatua zilezile, ila udongo wao wa mfinyanzi utawataka waongeze changarawe mara mbili ya kiasi nitakachotaja, na Lubumbashi mmea ukingwe na baridi ya usiku ya Juni na Julai.

Ni mmea gani huu

Jina lake la kitaalamu ni Euphorbia tithymaloides, na aina ya mabaka huongezewa neno 'Variegatus'. Kwenye vitabu vya zamani na kwa wauza miche wengi huandikwa Pedilanthus. Ni mmea uleule, kwa hiyo usinunue mara mbili ukidhani umepata aina mpya. Linnaeus aliuita Euphorbia mwaka 1753, wataalamu wa baadaye wakautenga, kisha uchunguzi wa vinasaba ukaurudisha pale pale.

Asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, hasa kwenye misitu mikavu ambako mvua hupita na jua hukaa. Ndiyo sababu shina lake ni nene na limehifadhi maji ndani, na ndiyo sababu mizizi yake haivumilii kukaa kwenye tope. Ukilishika jambo hilo moja, nusu ya kazi umeimaliza. Euforbia hii ikifa bustanini, mara nyingi imeuawa na maji, si na kiu.

Ndugu zake unawajua tangu utoto. Miyenzi inayopandwa kuwa ua wa mashamba ni euforbia. Ua la Noeli ni euforbia. Muhogo nao uko kwenye familia hiyohiyo kubwa, na utaona faida ya kujua hivyo tutakapofika kwenye kukata pingili.

Kwa urefu hufika kati ya sentimeta 60 na mita moja na nusu, na hata zaidi ikiachwa. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wetu ni wa baridi kiasi, kwa hiyo hapa hukua polepole kuliko mijini kwenye joto la pwani. Huo si upungufu. Mmea unaokua polepole kwenye mwanga mkali hushikamana vizuri na kuonyesha waridi zaidi. Maua yake ni madogo, mekundu, yenye umbo la kiatu chenye ncha, na kwao hutembelewa na ndege wadogo wa Amerika wanaonyonya asali huku wakielea hewani. Ni mazuri ukiyasogelea, lakini mtu asiipande kwa ajili ya maua. Anayeyapenda majani ndiye atakayefurahi.

Neno moja kwa wale wanaotazama picha za bustani za Ulaya kwenye simu. Huko inasifiwa sana euforbia iitwayo 'Ascot Rainbow', iliyopatikana Australia, yenye majani ya kijani na kingo za njano. Wekundu wake mzuri huja na baridi kali ya msimu wao wa baridi, baridi ambayo Goma haina. Ukiwa na ndugu Ubelgiji mwenye uwanja mdogo, mshauri aipande. Wewe baki na hii ya nchi za joto. Tena usikubali kamwe kuuziwa kwenye intaneti mbegu za euforbia hii ya mabaka, wala za 'Ascot Rainbow'. Mabaka ya mimea hii hayapiti kwenye mbegu: mbegu ikiota, hutoa mche wa kijani kitupu au mche usio na kijani kabisa, ambao hufa baada ya siku chache. Anayeuza mbegu hizo anakula pesa yako.

Kabla ya kushika kisu

Kwenye utomvu sitaharakisha. Ukivunja tawi la mmea huu, utomvu mweupe hutoka mara moja, na una sumu. Kwenye ngozi huleta muwasho na wakati mwingine malengelenge, hasa ukikauka juani kabla ya kuoshwa. Ukimezwa husababisha kutapika na kuharisha. Ukiingia machoni huumiza vibaya na unaweza kuharibu uwezo wa kuona kwa siku kadhaa au zaidi. Waliokulia karibu na ua wa miyenzi wameonywa na wazazi wao. Onyo ni lilelile hapa.

Kwa hiyo vaa glovu za mpira, hata zile za kufulia. Vaa miwani, hata ya jua, unapokata matawi yaliyo usawa wa uso. Usijifute jasho kwa mkono unaofanya kazi. Ngozi ikiguswa, ioshe kwa sabuni na maji papo hapo. Jicho likiguswa, limiminie maji safi mfululizo kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali bila kusubiri asubuhi, na ueleze kwamba ni utomvu wa euforbia. Kabla hujaanza kukata, weka bidoni ya maji safi karibu, kwa sababu mjini kwetu bomba halitabiriki, na mtu mwenye utomvu jichoni hawezi kusubiri maji yarudi.

Usiipande kando ya kijia wanapochezea watoto wadogo, wala karibu na mahali wanyama wanapofungwa. Na atakayekuambia ni dawa ya kitu chochote, msikilize kwa heshima, halafu usiinywe.

Hatua ya kwanza: tafuta mama mzuri

Wauza miche wa kando ya barabara huwa nayo mara kwa mara, lakini njia bora ni kuomba tawi kwa jirani. Hakuna mmea wa rangi ulio rahisi kugawana kuliko huu. Nenda mchana, wakati mwanga ni mzuri, uuzunguke mmea mzima kabla ya kuomba.

Tafuta tawi ambalo kila jani lina rangi zote: kijani katikati, weupe pembeni, na dalili ya waridi kwenye majani machanga ya juu. Tawi lenye majani ya kijani kitupu limerudi kwenye asili yake, na pingili zake zitakupa mmea wa kijani. Tawi jeupe lote linavutia macho, lakini halina klorofili, maana yake halina cha kujilishia. Ukilikata na kulipanda, litakula akiba yake mpaka iishe, kisha linyauke. Chagua tawi la kati: si jipya laini linalopindika, si la zamani lenye gome la kijivu. Unene wa penseli unatosha.

Angalia pia makwapa ya majani na upande wake wa chini. Ukiona unga mweupe unaonata au magamba madogo ya kahawia, shukuru na uondoke. Hutaki kuanza bustani na wadudu wa mtu mwingine.

Hatua ya pili: chagua mahali

Mmea unataka jua la saa tano au sita kwa siku. Kwetu, jua la asubuhi ndilo la kutegemea, kwa kuwa msimu wa mvua mawingu hujikusanya mchana na kufunika mji. Upande wa mashariki wa nyumba, mbele ya ukuta wa mawe ya lava, ni pa dhahabu. Ukuta mweusi hunywa joto la mchana na kulitoa usiku, na joto hilo ndilo linalosaidia mizizi ya pingili kutoka. Zaidi ya hilo, hakuna rangi inayoonyesha weupe na waridi vizuri kuliko weusi wa lava. Mtu wa mji mwingine analazimika kupaka ukuta rangi ili apate mandhari hayo, sisi tunajengea.

Kivulini euforbia haifi, ila hurefuka, hulegea, na waridi lote huondoka. Kwenye jua kali la siku nzima, mmea uliozoea kivuli huungua kingo, kwa sababu sehemu nyeupe ndiyo dhaifu kuliko zote. Mche ulionunuliwa chini ya hema la muuzaji uzoeshe: siku chache kwenye jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili, kisha tatu, kisha nne, mpaka wiki mbili zipite.

Kwa wanaokaa upande wa Keshero, Lac Vert na Bulengo, nataka niseme jambo ambalo vitabu vya bustani havina. Ikiwa parseli yako ina shimo au bonde dogo ambamo majani hukauka bila sababu, au ambamo ndege na panya huonekana wamekufa, hiyo ni mazuku, gesi ya kaboni dayoksidi inayotoka ardhini na kutuama chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Huwa mbaya zaidi usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Usipande hapo, usichuchumae kung'oa magugu hapo, na usimtume mtoto kumwagilia hapo. Bustani iwe sehemu ya juu.

Hatua ya tatu: tengeneza kitanda cha mawe

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na ndiyo ambayo watu huiruka kwa haraka ya kuona rangi.

Goma ina mawe ya umri tofauti. Sehemu za lava ya zamani zina nyufa zilizokwisha kujaa udongo mweusi mzuri. Ukichimba kwa mtaimbo unapata nafasi. Kwenye mkondo wa lava wa Januari 2002, uliopita uwanja wa ndege na katikati ya mji mpaka ziwani, au ule wa Mei 2021 upande wa Buhene, unakutana na jiwe tupu. Njia ni mbili, kulingana na ulichonacho.

Kwenye lava ya zamani, vunja shimo la sentimeta 30 kwa upana na kina. Mimina ndoo ya maji ndani. Yakitoweka ndani ya dakika chache, shukuru. Yakibaki kwa zaidi ya nusu saa, jiwe la chini halina nyufa, na shimo lako ni bakuli litakaloozesha mizizi. Liache, panda juu kwenye kitanda kilichoinuliwa. Maji yakikimbia mara moja kabisa, hatari ni nyingine: udongo utayafuata. Hapo ziba nyufa kwa mpangilio. Weka mawe ya ukubwa wa ngumi kwanza, kisha ya ukubwa wa yai, kisha kokoto, kisha changarawe laini ya lava. Kila tabaka linashika lililo juu yake, na maji yanaendelea kupita. Kazi hiyo ya asubuhi moja inakuokoa kununua udongo kila mwaka.

Kwenye jiwe tupu, jenga duara au mstatili wa mawe makavu bila saruji, wenye kimo cha sentimeta 30 hadi 40. Usitumie saruji, kwa sababu mianya kati ya mawe ndiyo mifereji yako. Ndani yake anza na mpangilio uleule wa mawe makubwa kwa madogo, mpaka theluthi ya kimo.

Mchanganyiko wa kujazia ni huu: makarai mawili ya changarawe ya lava, yenye punje za ukubwa wa maharagwe na ndogo zaidi, karai moja la udongo, na karai moja la mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, isiyo na harufu. Utaona ni mawe mengi. Ni sawa. Mawe haya yenyewe yana madini, na lava ya volkano yetu ya Nyiragongo ina potasiamu kwa wingi, kwa hiyo usidhani unaulaza mmea njaa. Usiongeze mboji zaidi ya hapo. Chakula kingi hukuza matawi laini, marefu, yanayoanguka na kuvutia wadudu.

Asiye na nafasi ya kitanda atumie bidoni ya manjano ya lita 20 iliyokatwa katikati. Toboa chini matundu manane au kumi, si mawili, uiinue juu ya mawe matatu ili matundu yasizibe, na utumie mchanganyiko uleule.

Hatua ya nne: kata pingili, uzikaushe

Aliyewahi kupanda muhogo ana nusu ya ujuzi. Unakata tawi, unalichomeka, linaota. Tofauti ni moja, lakini ni kubwa: pingili ya euforbia haipandwi siku iliyokatwa.

Kata kwa kisu kikali au sekateri iliyofutwa kwa spiriti. Kila pingili iwe na urefu wa sentimeta 10 hadi 15 na angalau vifundo vitatu. Ondoa majani ya nusu ya chini. Utomvu utatoka kwa wingi. Chovya sehemu iliyokatwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka uache, kisha iguse kwenye majivu makavu ya kuni. Nyunyizia maji pia kidonda cha mmea mama, kisha ukiache kikauke. Mwombaji mwenye adabu humwachia jirani mmea safi.

Sasa zilaze pingili kwenye kivuli chenye hewa, juu ya gunia, kwa siku nne hadi saba. Msimu wa mvua, hewa ikiwa nzito, zipe hata siku kumi. Unasubiri kidonda kifunge na kuwa kigumu ukikigusa. Majani yatalegea kidogo na huenda mawili matatu yakaanguka. Usishtuke, usizimwagie maji. Pingili iliyochomekwa ikiwa mbichi huoza kuanzia chini, na kwa nje utaiona bado nzuri kwa wiki nzima.

Wakati mzuri wa kazi hii Goma ni Juni hadi mwisho wa Agosti, kwenye kiangazi kirefu, au Januari na Februari kwenye kile kifupi. Vidonda hukauka vizuri, na mvua zikianza mizizi iko tayari.

Hatua ya tano: chomeka, halafu usiguse

Kwa kuotesha tumia changarawe laini sehemu tatu na udongo sehemu moja, bila mboji. Chomeka kila pingili kina cha vifundo viwili, ikandamize ili isitikisike, na uache nafasi ya vidole vinne kati ya moja na nyingine. Mwagilia kidogo siku ya tatu, si ya kwanza. Baada ya hapo unyevu uwe wa kuhisi tu ukiingiza kidole. Ukiona maji yanang'aa juu, umezidisha.

Weka chombo karibu na ukuta unaopata jua la asubuhi. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita, na usiku ukiwa wa baridi hata nane. Usizing'oe kuangalia. Jani jipya likitokea juu na kuendelea kukua kwa wiki mbili, kuna mizizi chini.

Hatua ya sita: hamishia kwenye kitanda

Hamisha mvua za kwanza zikishatulia, kati ya katikati ya Septemba na Oktoba, au Machi kwa waliootesha Januari. Acha sentimeta 40 hadi 50 kati ya mmea na mmea ukitaka kila mmoja uonekane. 25 hadi 30 ukitaka mstari mzito kando ya ukuta. Mimi napendekeza kupanda mitatu au mitano kwa pamoja badala ya kuitawanya mmoja mmoja bustani nzima. Rangi hii inahitaji wingi ili ionekane kutoka langoni.

Shingo ya mmea ibaki kwenye kimo kilekile ilichokuwa nacho. Usiizike. Kuzunguka shina tandaza changarawe ya lava, unene wa sentimeta tatu. Inazuia matone ya mvua kurusha tope kwenye majani meupe, inapunguza magugu, na inaweka shingo kavu. Usitumie majani makavu wala nyasi kama wafanyavyo wakulima wa mboga. Yanashika unyevu pale pale ambapo hatuutaki.

Maji, na vumbi

Mwezi wa kwanza baada ya kuhamisha, lita moja kwa kila mmea mara mbili kwa wiki, ikiwa mvua hainyeshi. Ukishakamata, wakati wa mvua acha kabisa. Kiangazi, mara moja kila siku saba hadi kumi inatosha, na hiyo ni habari njema kwa anayelipia maji yanayoletwa na chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili. Maji yaliyosuuza mboga au mchele yanafaa. Ya sabuni hayafai. Mmea wenye kiu hukunja majani na kuangusha ya chini. Ukiupa maji, hurudi. Mmea uliozidishiwa maji hugeuka njano na shina hulainika kwenye shingo, nao mara nyingi haurudi. Ukifika hapo, kata sehemu ya juu iliyo ngumu bado, ikaushe, uanze pingili upya.

Kiangazi cha Goma huleta vumbi jeusi. Majani yakifunikwa hupoteza mwanga na rangi pamoja. Yaoshe asubuhi kwa maji safi kila wiki mbili tatu, ukiwa umevaa glovu. Kwa maji ya mabati, acha mvua ya kwanza ya msimu ioshe paa kabla ya kukinga. Moshi wa Nyiragongo hubeba gesi ya salfa, na mvua inayopita ndani yake huwa na tindikali inayotoboa madoa ya kahawia kwenye majani. Wanaokaa upande ambao upepo hupeleka moshi wanalijua hili kwenye mboga zao. Ukiona madoa hayo baada ya mvua kama hiyo, usikimbilie dawa ya wadudu. Yaoshe majani, usubiri mapya.

Kulinda mabaka

Mabaka haya ni hali ya tishu mbili zinazoishi pamoja ndani ya mmea mmoja, moja yenye klorofili na nyingine isiyokuwa nayo. Wakati wowote chipukizi linaweza kutoka kwenye tishu ya kijani peke yake. Chipukizi hilo lina chakula zaidi, litakua haraka, na baada ya misimu michache litaumeza mmea mzima. Wengi husema euforbia yao "imechoka" au "imebadilika kwa sababu ya udongo." Udongo haukufanya kitu. Hakuna aliyekata.

Kila mwezi pita ukiangalia. Tawi la kijani kitupu lifuate mpaka linapoanzia kwenye shina lenye mabaka, ulikate hapo, si katikati yake. Ukiacha kisiki, kitatoa kijani kingine. Usisubiri msimu. Matawi meupe kabisa unaweza kuacha moja au mawili kwa uzuri, mradi mmea uwe na kijani cha kutosha kuyalisha. Yakizidi, nayo yaondoe.

Na usiulishe naitrojeni. Konzi mbili za mboji iliyooza mwanzo wa mvua za Septemba, konzi mbili Machi, basi. Mbolea ya chumvichumvi inayouzwa kwa kabichi ibaki kwenye kabichi.

Majirani wa kuipanga nao

Kwa bustani ya kudumu, euforbia hii inataka majirani wanaokubali ukavu uleule. Aloe mbele yake, sansevieria nyuma yake, na kalankoe za maua mekundu pembeni hukaa vizuri bila kugombania maji. Agapanthasi wa buluu anapendeza sana karibu nao, ila mpe kona yenye udongo zaidi. Krotoni ninaiweka mbali, ingawa watu hupenda kuziunganisha: mimea miwili ya mabaka ikisimama pamoja, jicho halijui litulie wapi. Weka kati yao kitu cha kijani tupu, au acha jiwe jeusi lionekane.

Wadudu na magonjwa

Adui wa mara kwa mara ni vidung'ata, wadudu wadogo wenye unga mweupe wanaojificha kwenye makwapa ya majani. Wakiwa wachache, wafute kwa pamba iliyochovywa spiriti. Wakiwa wengi, wapige kwa maji yenye nguvu siku tatu mfululizo asubuhi. Maji ya sabuni watu huyapenda, lakini euforbia kadhaa huungua kwa sabuni. Jaribu kwenye jani moja, subiri siku mbili, ndipo uendelee, na usuuze baada ya saa moja au mbili. Fuatilia sisimizi pia, kwani huwalinda vidung'ata ili wapate utamu wao.

Wadudu gamba waparue kwa kucha, ukiwa na glovu. Utitiri huja kiangazi, majani yakipauka na utando mwembamba ukionekana chini yake. Kuosha vumbi kwa wakati huwazuia kwa kiasi kikubwa.

Aprili na Mei, unyevu ukizidi, utaona ubwiri unga, yaani utando mweupe unaofutika kwa kidole. Usiuchanganye na mabaka. Ondoa majani yaliyoshikwa, punguza matawi ya katikati ili hewa ipite, na umwagilie chini tu. Mimea iliyobanana kivulini ndiyo inayougua kila mwaka. Ihamishe.

Kupogoa na kuanza upya

Mwisho wa Agosti, wiki mbili tatu kabla ya mvua, pogoa. Chagua theluthi moja ya matawi, yale marefu na yaliyoangusha majani ya chini, uyakate yabaki sentimeta 15 hadi 20, juu kidogo ya kifundo. Mwaka unaofuata theluthi nyingine. Kwa namna hiyo bustani haibaki tupu hata msimu mmoja, na kila mwaka una matawi mapya, ambayo ndiyo yenye waridi. Ulichokata usikitupe barabarani ambako watoto hupita, na usikichome kwenye moto wa jikoni. Kilicho kizuri kikaushe kiwe pingili, kilichobaki kizike.

Kwenye bidoni, baada ya miaka miwili au mitatu, mizizi hujaza chombo na maji huanza kupita pembeni bila kulowesha ndani. Toa mmea kiangazi, kung'uta mchanganyiko wa zamani, kata mizizi iliyooza, uache ukae mkavu siku tatu, kisha urudishe kwenye mchanganyiko mpya. Usimwagilie kwa wiki moja.